Pedi za silikoni, raba za Sabasaba na fundi wa Majengo: nani amenisaidia kisigino

Nianze na hela, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Pedi za kisigino za silikoni, duka la vifaa tiba mjini: Sh 18,000 jozi. Raba za mtumba, soko la Sabasaba: Sh 40,000 baada ya kuvutana sana. Soli za ndani alizonitengenezea fundi viatu wa Majengo: Sh 8,000 kwa miguu yote miwili. Fiziotherapia, ile tiba ya viungo kwa mazoezi: Sh 25,000 kila unapoingia. Vyote hivyo vimeingia kwenye kisigino kimoja, cha kulia, huku nikijiandaa kwa NBC Dodoma Marathon, zile mbio za Julai pale Uwanja wa Jamhuri.

Mwenye haraka achukue hili aende zake: pedi ziache dukani, fundi mlipe hata kwa kukopa, na fiziotherapia usiisubirie mpaka uanze kuchechemea. Mwenye muda, karibu, nina mengi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nafundisha Jiografia, na siku nzima nimesimama kwenye sakafu ya saruji, kwa sababu kiti cha mwalimu darasani kwetu kina mguu uliolegea na hakuna anayethubutu kukikalia. Naishi Miyuji. Alfajiri nakimbia na akina mama wenzangu, tunaifuata Barabara ya Arusha kuelekea mjini kisha tunageuza. Kikundi kilikuwa cha watu wachache tuliozoeana, lakini tangu Alphonce Simbu, mtoto wa Ikungi huko Singida, alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, kila mtu Kanda ya Kati kajigundua kuwa mwanariadha. Kikundi kikajaa, mwendo ukapanda, na kilomita za Jumamosi zikaongezwa kwa kelele za watu badala ya mpango.

Kisigino kikaanza kulalamika. Ukishuka kitandani, hatua ya kwanza tu, maumivu yanakupiga chini ya kisigino, upande wa ndani, karibu na pale uvungu wa unyayo unapoanzia. Unakwenda bafuni umeshika ukuta. Ukishachemsha chai na kuandaa watoto, yamepungua, unaanza kujidanganya kwamba yameisha. Ukianza kukimbia yanakuwepo mwanzoni, katikati yanasahaulika, halafu ukikaa stafu kusahihisha madaftari na kuinuka, yako palepale yanakusubiri.

Wataalamu wanasema chini ya unyayo kuna utando mnene wa nyuzi. Unaanzia kwenye mfupa wa kisigino, unapita chini ya uvungu na kwenda kushika vidoleni. Umekaa kama uzi wa upinde: unyayo ukibonyea kwa uzito, uzi unakazwa. Ukipandisha kilomita ghafla, ukisimama saa nyingi kwenye sakafu ngumu, mashavu ya miguu yakiwa yamekaza, na mwili ukiwa umeongezeka kilo, utando unavutwa kila siku pale unapoungana na mfupa, na haupati nafasi ya kujijenga. Mimi hayo manne ninayo yote, sihitaji kupigiwa ramli. Hiyo hatua ya kwanza ya asubuhi nayo ina sababu. Usiku vidole vimeelekea chini, utando umelala ukiwa umefupika, halafu asubuhi unaunyoosha kwa mara moja na mwili mzima juu yake.

Sasa tuje kwenye pedi.

Niliziona kwenye kabati la kioo, zimewekwa pembeni ya mikanda ya mgongo na vipima sukari. Ni za rangi ya maziwa, laini, zina kidoa cha buluu katikati panapotakiwa kukaa kisigino. Kijana wa dukani alinibonyezea moja kwenye meza, ikarudi juu taratibu, akasema, "Mama, hii ukiivaa leo, kesho umesahau." Kwenye boksi imeandikwa saizi moja inatosha wote. Hapo ndipo pa kujiuliza: mtu wa namba 37 na mtu wa namba 45 wana kisigino kimoja?

Darasani, ndani ya viatu vyangu vya kufunika, pedi zilikuwa nzuri. Naomba nizitendee haki hapo. Kusimama kipindi cha dakika 80 kulikuwa na nafuu iliyo dhahiri, na mwenzangu wa Hisabati, mwenye maumivu ya katikati kabisa ya kisigino, pale penye nyama nene ya kukanyagia, anazisifu mpaka leo. Kwake inaeleweka. Yule amechoka ile nyama ya mafuta inayopokea kishindo, naye anahitaji mto. Kwangu mimi shida ni utando unaovutwa, na mto hauzuii kitu kuvutwa.

Kwenye raba zikaniudhi. Silikoni inateleza kukiwa na jasho, na ukichanganya na vumbi la Dodoma linalopenya hata kwenye soksi, inapata utelezi wa aina yake. Nikikimbia inasogea mbele polepole mpaka naikanyagia uvunguni. Nasimama kando ya lami, navua kiatu, nairudisha, akina mama wameshapotea mbele. Jambo la pili: zinanyanyua kisigino kwa mkupuo mmoja, nyuma ya kiatu inakuwa fupi, kisigino kinachomoka kila hatua. Lengelenge nililolipata hapo lilikuwa nyuma, juu kidogo ya kisigino, kwa hiyo nikawa na sehemu mbili za kuuguza. Zinafuliwa vizuri kwa maji na sabuni, hilo nalo niliseme. Ila kwa Sh 18,000? Wenye kazi ya kusimama tu, nunueni. Wakimbiaji, hapana.

Chupa ya maji iliyogandishwa, unaiviringisha chini ya unyayo ukiangalia taarifa ya habari: inapoza, ni bure, endelea nayo. Sina zaidi ya kusema.

Raba ni habari nyingine. Zangu za zamani zilikuwa zinaonekana nzima kabisa kwa juu, na hicho ndicho kinachotuponza wengi. Sponji ya katikati, ile tabaka nene kati ya soli ya chini na unyayo, huchoka kabla ya kitambaa. Na kwenye mitumba kuna jambo la ziada: kiatu kinaweza kuwa kimekimbiwa kidogo sana lakini kimekaa stoo miaka, sponji ikakauka na kuwa ngumu. Kinang'aa, lebo yake inasomeka, na ndani kimeshakufa.

Kwa hiyo Sabasaba siendi kutafuta jina la kampuni. Nabonyeza pembeni ya sponji kwa kidole gumba, nikitaka ibonyee na irudi. Nikiona mikunjo midogo midogo imejipanga kwenye sponji upande wa kisigino, narudisha. Nashika ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino. Ikilala bapa nikiibana, narudisha. Nakikunja kiatu: kinatakiwa kipinde penye vidole, siyo katikati ya uvungu. Nakiweka juu ya ubao wa muuzaji nikiangalie kwa nyuma kama kimesimama wima au kimeegemea upande mmoja, maana aliyekivaa kwanza ameacha mwendo wake mle ndani, na mimi sitaki kutembea mwendo wa mtu nisiyemjua. Wauzaji wengine wanachukia ukaguzi huu. "Dada, unanunua kiatu au unanunua gari?" Nikamjibu gari ningelipunguziwa zaidi. Alianza na Sh 65,000, tukaishia kwenye 40.

Nendeni mchana, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli, na bebeni soksi za kukimbilia. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu inatosha. Nimeridhika nazo: kisigino chake ni kinene kuliko mbele, sponji iko hai, na nyuma inashika. Zilinipa nafuu kuliko pedi, ingawa hazikumaliza tatizo.

Aliyenielekeza kwa fundi ni mama muuza mboga, naye ana kisigino. Fundi mwenyewe amekaa chini ya mwarobaini, nje kidogo ya Soko la Majengo, na kijiduka chake ni sanduku la mbao, kipande cha tairi la kukatia juu yake, kopo la gundi na mlima wa viatu visivyo na wenzake. Ni mzee wa Kigogo, mtaratibu, anaongea huku uzi umening'inia mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kinachouma kiatu au mguu?"

Sikumwambia kama ni mwalimu. Baadaye nikaona chaki kwenye mkono wa koti langu.

Akaomba raba zote mbili, mpya na za zamani. Mpya akaziweka chini, akaanza kuzisoma za zamani. Akazigeuza, akaniwekea kidole pale ya kulia ilipolika kisigino upande wa nje, kisha akachomoa soli ya ndani na kuiinua kwenye mwanga. Chini ya kisigino ilikuwa imebonyea mpaka unaona kivuli cha vidole vyake kwa upande wa pili. "Hapa ulikuwa unakanyaga barabara yenyewe," akasema. Halafu akanivua soksi, yaani kweli akaniambia nivue nisimame juu ya boksi la karatasi, akanichora unyayo kwa penseli, akapita na kidole gumba chini ya kisigino akibonyeza polepole. Alipofika penyewe niliruka. Akaweka alama ya msalaba kwenye karatasi.

Anavyotengeneza inapendeza kutazama. Ana sponji za aina mbili. Moja ni ngumu, ya kutengenezea ndala. Nyingine laini zaidi, nyeusi, sikujua ya nini. Ngumu aliikata kwa umbo la unyayo mzima, nyuma akabandika kipande cha pili cha ngumu kilichoanza kinene kisiginoni na kuisha kabisa kabla ya kufika katikati ya unyayo. Hakuacha ngazi, aliikwangua kwa msasa, anapuliza unga wake, anapitisha kiganja, anakwangua tena, mpaka mteremko ukawa hausikiki kwa kidole. Pale penye msalaba akachimba kishimo cha duara, cha kina kidogo tu, akakijaza sponji laini. Uvunguni akaongeza kijitabaka chembamba cha kuushikilia unyayo usianguke ndani. Juu akafunika kwa ngozi nyembamba ya kondoo, upande wa manyoya ukiwa umenyolewa, ili mguu usiteleze. Nilipofika nyumbani nilipima ule mnyanyuko kwa rula ya darasani: milimita 9 nyuma kabisa, sifuri katikati.

Kwa nini inasaidia? Kisigino kikinyanyuliwa kidogo, mashavu ya mguu na ile kano kubwa ya nyuma hayavutwi sana, na mvuto unaopelekwa chini ya unyayo unapungua. Ule uvungu ulioshikiliwa nao unapunguza kazi ya utando. Kila kitu kimekaa mahali pake hata kilomita ya nane, kwa sababu soli ni nzima, imejaa kiatu kizima, haina pa kutorokea. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na pedi. Akanifanyia na mguu wa kushoto, ingawa hauumi. Nilipouliza kwa nini, akasema, "Unataka nyumba iegemee upande?"

Tukiwa tunasubiri gundi ikauke akaniuliza kama namjua Ikangaa. Juma Ikangaa, nikasema, wa mbio ndefu. Akafurahi. Mtoto wa hapahapa Dodoma, akasema, aliwaacha watu wote New York. Ni kweli: mwaka 1989, saa 2:08:01. Mzee anaukumbuka mwaka huo kuliko anavyokumbuka ahadi zake kwa wateja, jambo nitakalolirudia.

Msije mkadhani fundi ni wa kienyeji na wa hospitali za nje wana siri kubwa. Kuna utafiti wa Australia uliochapishwa 2006, uliolinganisha soli za kupimwa mtu mmoja mmoja, soli zilizotengenezwa tayari na soli za danganya toto. Miezi mitatu ya mwanzo soli za kweli zilisaidia kidogo, hasa kwenye kufanya shughuli; ukifika mwaka, tofauti imeyeyuka, na za kupimwa hazikuzipiku za tayari. Kwa hiyo anayekuambia utoe laki kadhaa kwa soli maalumu, mwulize vizuri. Mimi Sh 8,000 yangu sijutii, ila sikuitegemea initibu.

Na kasoro zake ziko. Gundi ilinuka raba nzima siku za mwanzo, mpaka binti yangu akaziweka nje ya mlango bila kuniuliza. Jua lilipozipata, ncha ya mbele ya ngozi ikabanduka. Alibandika tena bure, lakini ilibidi nirudi. Raba zinazobana hazitapokea soli nene kiasi hicho, na hata zilizolegea itabidi ufunge kamba upya, upitishe kwenye lile tundu la mwisho la juu ambalo wengi hatulitumii. Halafu mzee ana tiba zake. Anaamini baridi imeingia kisiginoni, na aliniagiza kupaka mafuta ya nyonyo na kukanda na majani ya moto. Nilimshukuru, sikufanya. Mama muuza mboga anafanya na anasema anasikia vizuri, basi sawa.

Fiziotherapia nilifika kwa kuzunguka. Kwanza nilipita zahanati moja, siitaji, ambako nilipigwa picha ya eksirei, nikaonyeshwa kijimwiba cha mfupa kwenye kisigino, na kabla sijafunga kamba nikapewa bei ya sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu. Hakuna aliyenibonyeza mguu. Hakuna aliyeniuliza nakimbia kiasi gani. Vimwiba hivyo watu wengi wanavyo na hawaumwi chochote, kwa hiyo kukiona kwenye picha hakusemi kwamba ndicho kinachokuumiza. Na sindano ile hupoza kwa muda mfupi, wiki kadhaa, lakini inaweza kudhoofisha utando mpaka ukachanika, na kuikondesha ile nyama ya mafuta ya kisigino. Kuna wanaoihitaji, sikatai. Mtu ambaye hajaanza hata mazoezi siyo mmoja wao. Nilichukua picha yangu nikaondoka.

Kijana wa fiziotherapia alikuwa tofauti. Foleni ilikuwa ndefu na feni haifanyi kazi, lakini nilipoingia alinipa muda. Alibana kisigino kwa viganja kutoka pembeni, kushoto na kulia, akisema kama hapo pangeuma sana angefikiria ufa kwenye mfupa. Hapakuuma. Akabonyeza chini, upande wa ndani, pakauma. Akanisimamisha mbele ya ukuta, unyayo mzima chini, goti lisogee mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Mguu wa kushoto niliweza vidole vikiwa mbali na ukuta kiganja kizima. Wa kulia nilipokaribia kiasi cha vidole viwili tu. "Mama, hapa ndipo kwenye kazi," akasema, akinigonga shavu la mguu.

Alinipa mambo mawili, na ndiyo niliyolipia.

La kwanza linafanywa kitandani kabla ya kukanyaga chini. Unaweka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, unavuta vidole kuelekea kwako mpaka uvungu ukaze, ukipitisha kidole cha mkono unausikia utando umesimama. Unashikilia sekunde 10, unaachia, mara 10. Unarudia mchana na jioni. Stafu nafanya chini ya meza na hakuna anayejua.

La pili ndilo lenye uzito. Unasimama ukingoni mwa ngazi, au kwenye tofali imara, umeweka taulo iliyoviringishwa chini ya vidole ili viinuke juu. Unanyanyua kisigino kwa sekunde 3, unakaa juu sekunde 2, unashuka kwa sekunde 3. Mara 12, mapumziko, seti 3. Siku moja unafanya, inayofuata unaacha. Ikiwa nyepesi unaongeza mzigo mgongoni na kupunguza idadi, 10, kisha 8. Mzigo wangu ni mkoba wenye madaftari ya kidato cha pili, ambayo kwa mara ya kwanza yamenifaa kabla ya kusahihishwa. Taulo usiiache. Bila vidole kuinuka unafanya zoezi la mashavu ya mguu tu. Vikiinuka, utando wenyewe unakazwa na kubebeshwa uzito, nao ndio unaotakiwa uimarike.

Zoezi hili limetoka kwenye utafiti wa Denmark wa 2014, wagonjwa 48. Wote walipewa vya kuweka viatuni. Nusu wakanyoosha, nusu wakanyanyua. Baada ya miezi mitatu wanyanyuaji walikuwa na nafuu kubwa zaidi, baada ya mwaka wakawa wamelingana. Maana yake kwangu, mwenye mbio za Julai, miezi mitatu ndiyo ninayoihitaji. Asiye na haraka anyooshe tu kwa raha zake. Wengi hupona ndani ya mwaka hivi, na hii ni habari njema na mbaya kwa pamoja.

Niliuliza kama niache kukimbia. Akasema sihitaji, bali nipunguze na niyasikilize maumivu kwa alama, sifuri mpaka kumi. Yakibaki chini ya tatu au nne nikikimbia, na hatua ya kwanza ya kesho yake isiwe mbaya kuliko ya leo, nimekwenda sawa. Ikiwa mbaya zaidi, nirudi nyuma. Kwa hiyo asubuhi zangu zina mtihani mmoja mdogo kabla ya chai. Milima nimeiacha kwa sasa, pamoja na zile mbio za kasi za kushindana na wenzangu hadi nguzo ya umeme. Mchanga mwingi nao naukwepa, kisigino kinazama na shavu la mguu linavutwa. Njia ya udongo ulioshindiliwa ni rafiki kuliko lami na kuliko mchanga. Na ndala nyumbani nimeziacha. Navaa makubazi yenye kisigino kidogo hata jikoni, maana saruji ya nyumbani haina tofauti na ya darasani.

Malalamiko yangu kwa fiziotherapia ni bei ya kurudi. Mara ya kwanza inalipa. Baadaye ukiingia unaulizwa unaendeleaje, unaoneshwa mazoezi yaleyale, unalipa Sh 25,000 ileile. Ukishajua zoezi na ukalifanya kwa uaminifu, rudi ukikwama tu.

Haya yote ni kwa maumivu ya aina yangu. Ukiwa na ganzi au kuchomachoma unyayoni, ukiumwa usiku umelala, kisigino kikivimba au kikiwa cha moto na homa juu yake, pakiuma ukibanwa kutoka pembeni, au visigino vyote viwili vikikuuma pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi na wewe ni kijana, fundi viatu hana jibu lako. Wenye kisukari nao wasiweke kitu chochote kigumu kiatuni bila kuonwa, kidonda kidogo kwao siyo kidogo.

Mimi sasa hivi asubuhi nyingi nashuka kitandani bila kushika ukuta. Baada ya Jumamosi ya mbio ndefu bado panauma, alama mbili au tatu. Zile kilomita 21 nilizokusudia nimeziahirisha, Julai nitakimbia 10, na wenzangu wameshanicheka vya kutosha.

Alama zangu: pedi 4 kwa 10, na 7 kama kazi yako ni kusimama tu, hukimbii. Raba za Sabasaba 7, ukijua kubonyeza. Fiziotherapia 9 kwa mara ya kwanza, 5 kwa zinazofuata. Fundi 8, na angepata 9 kama si ahadi. Mpelekeeni raba yenyewe mtakayokimbilia, na ile ya zamani aisome, asubuhi kabla jua halijamhamisha upande wa pili wa mti. Jumapili hayupo. Akisema kesho, hesabu keshokutwa. Kiatu cha harusi peleka kwingine.